Alama Chini ya Kiti

Kiharusi kilipomnyang'anya baba maneno kilimwachia machache, na mengi ya hayo hayana kazi. Alibaki na "maji". Alibaki na "funga mlango", hata mlango ukiwa umefungwa. Alibaki na zaburi moja ambayo huianza vizuri kisha akaipoteza katikati, akabaki akitazama dari kama mtu aliyeangusha ufunguo kisimani. Na alibaki na swali moja zima, lisilopungukiwa hata na silabi, analolitamka kila asubuhi kwa Kikamba safi kuliko changu: "Baisikeli yangu iko wapi?"

Dada yangu, anayemtunza nyumbani kwake nje kidogo ya mji wa Wote, Makueni, alinipigia simu juma la kwanza akicheka. Juma la tatu alipiga akilia.

"Njoo umjibu wewe," akasema. "Si mimi niliyeitoa."

Ni kweli. Niliitoa mimi.

Ilikuwa baisikeli nyeusi ya Kiingereza, ya zile nzito ambazo watu wetu walizipa jina la nyoka. Baba alikuwa mwinjilisti, na kwa baisikeli hiyo alihudumia makanisa matano ya mabati na mawili ya miti yaliyotapakaa pande zote mbili za mto, mengine Kitui, mengine Makueni. Kabla ya kupanda alikuwa na kawaida moja. Aliinama akakunja mguu wa kulia wa suruali, akauchomeka ndani ya soksi ili mnyororo usiule. Mama alikuwa akisema hata siku ya harusi yao alikuja hivyo, mguu mmoja wa mchungaji na mguu mmoja wa fundi.

Mwaka nilipomaliza chuo kikuu, marafiki zangu wa Nairobi waliahidi kuja kwetu, ng'ambo ya Kwa Vonza, tusherehekee. Nilirudi siku nne mapema kusafisha boma, maana yake kuficha kila kitu kilichotueleza sisi ni nani. Kuku nikawafungia. Kalenda za zamani nikazibandua ukutani. Baisikeli ilikuwa imeegemea ukuta chini ya ukingo wa paa, magurudumu yote mawili hayana upepo, imefunikwa gunia. Baba alikuwa ameenda kwa miguu kumzika mshirika wa kanisa lake. Akapita mtu mwenye mkokoteni wa punda, anayebadilisha vyuma vikuukuu kwa vyombo vya plastiki. Nilimpa baisikeli. Akanipa beseni la kijani.

Baba aliporudi jioni alisimama pale ukutani, kwenye mstari mweusi ambao mpini ulikuwa umeuchora kwa miaka mingi. Akatazama mstari, akalitazama beseni. Akasema, "Vizuri. Wageni watapata mahali pa kukaa." Hakuitaja tena baisikeli kwa zaidi ya miaka thelathini. Beseni lilipasuka kabla ya Krismasi. Marafiki zangu, kwa taarifa yako, hawakuja.

Basi dada aliposema nikamjibu mwenyewe, niliamua jibu litakuwa baisikeli yenyewe. Sio nyingine inayofanana nayo. Hiyohiyo. Mimi ni mwandishi wa insha, na waandishi wa insha tuna ugonjwa wa kuamini kwamba jambo likichunguzwa vya kutosha litakuhurumia.

Kwa majuma mawili sikufanya kazi nyingine. Nilijifunza kwamba baisikeli za aina ile zina namba iliyogongwa kwenye fremu, karibu na mahali bomba la kiti linapoingia. Nilijifunza kwamba kitovu cha gurudumu la nyuma, kile chuma kinene ambamo spoki zote hutokea, mara nyingine kina tarakimu mbili za mwaka kilipotengenezwa, ukifuta mafuta na kutu. Beji ya mbele ina umri wake na namna yake ya kushikwa. Kwamba pedali hudanganya, mnyororo hudanganya, kiti hudanganya zaidi, maana hivyo ndivyo vinavyochakaa kwanza na kubadilishwa bila kuandikwa popote. Nilifurahi sana kujua haya. Niliwaeleza watu ambao hawakuniuliza.

Ushahidi wangu ulikuwa picha moja na kumbukumbu tatu. Katika picha, baba amesimama na baisikeli mbele ya kanisa, na ukiikuza kwa simu unaona beji imeshikwa na misumari miwili, mmoja juu na mmoja chini. Kumbukumbu ya kwanza ni kwamba aliinunua mwaka wa pili baada ya Uhuru. Alilisema hilo kila mara mtu alipoisifu. Ya pili ni kwamba uma wa mbele, upande wa kushoto, ulikuwa na uvimbe wa shaba. Alianguka kwenye mchanga wa mto akiwa amebeba vitabu vya nyimbo, na mhunzi akauunga. Utotoni nilipenda kuupapasa uvimbe ule. Ulikuwa kama goti. Ya tatu ilikuwa ndiyo silaha yangu. Chini ya kiti, kwenye bomba la fremu mahali pasipoonekana, palikuwa na alama iliyochongwa kwa patasi: kichwa cha mshale na mistari miwili ikikikata. Alama hiyo ilikuwa pia kwenye kigoda chake na kwenye mzinga wake wa nyuki. Niliwahi kuandika insha nzima juu yake. Niliiita saini ya baba, mtu aliyejiandika juu ya chuma kabla hajajua kuandika vizuri juu ya karatasi. Niliisoma ukumbini mbele ya watu, na mama mmoja mzungu akafuta machozi.

Mwenye mkokoteni alikuwa amekufa zamani. Lakini pale Kwa Vonza walinielekeza kwa fundi ambaye baba yake alikuwa akinunua kwa mtu huyo zile baisikeli zilizokuwa bado na uhai. Fundi mwenyewe ni mtu wa makamo kama mimi, mwenye mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Siku hizi hutengeneza pikipiki. Nyuma ya kibanda chake kuna lundo la fremu kuukuu, na mbuzi alikuwa amelala juu yake.

"Unatafuta baisikeli ama unatafuta mtu?" akaniuliza, baada ya kunisikiliza kwa muda mrefu.

"Baisikeli ya baba yangu."

"Mzee alifariki?"

"Bado yuko."

"Sasa si ununue pikipiki umbebe?"

Hata hivyo alimfukuza mbuzi. Tulitoa fremu saba, moja baada ya nyingine, nami nikiwa na brashi, petroli ndani ya kopo, na miwani ya kusomea. Mbili zilikuwa za Kihindi. Moja ilikuwa ya kike. Moja ilikuwa imekatwa ikawa nusu ya kitanda. Ya tano ilikuwa nzima, na magurudumu yake yote mawili yapo. Moyo ukaanza kunienda mbio kabla sijapata sababu yoyote.

Fundi alipitisha kidole mbele ya fremu, mahali beji ilipokuwa. "Hapa beji ilishikwa na tundu hii na hii," akasema, akionyesha kushoto na kulia. "Yako ulisema ni juu na chini."

"Labda beji ilibadilishwa."

"Beji watu wanabadilisha, mwalimu. Tundu nani anabadilisha?"

Nilikuwa na jibu. Mtu aliyesoma hakosi jibu. Hilo ndilo linalonunuliwa na karo. Nikasema huenda matundu ya kwanza yalizibwa, yakapakwa rangi, yakatobolewa mengine. Fundi aliitazama fremu, kisha akanitazama.

Tukafuta kitovu cha gurudumu la nyuma. Zikatokea tarakimu mbili, saba na moja. Miaka sita baada ya mwaka alioutaja baba.

"Gurudumu," nikasema haraka, "hubadilishwa kila siku."

"Hiyo ni kweli," akakubali fundi.

Nikapapasa uma wa mbele, upande wa kushoto. Ulikuwa laini kama mgongo wa kijiko. Nikapapasa wa kulia, kana kwamba uvimbe ungeweza kuhama.

"Uma pia ilibadilishwa?" fundi akauliza.

"Labda."

"Mwalimu, sasa ya mzee imebaki gani hapa? Upepo?"

Wenye pikipiki waliokuwa wakingoja walicheka sana, nami nikacheka nao, maana ilikuwa nzuri. Kisha fundi akaipindua fremu juu chini, nikakwangua mafuta yaliyoganda chini ya kiti kwa bisibisi, na alama ikatokea. Kichwa cha mshale. Mistari miwili ikikikata.

Nilikaa chini juu ya tairi la lori, nikalia mbele ya vijana wa pikipiki. Mmoja wao akazima redio. Fundi aliniletea maji kwenye kikombe cha bati, akangoja ninywe, kisha akasema kwa upole, "Lakini hiyo alama mimi nimeiona nyingi huku."

Nilimsikia. Sikumsikiliza.

Ilichukua siku tatu kuisimamisha. Tairi mpya, tyubu, mnyororo, nyaya za spoki zilizokatika. Nilimkataza kuipaka rangi. Nilitaka baba aone kutu yake mwenyewe. Nikaipakia kwenye pikapu ya rafiki na kuvuka mto hadi Makueni, nikishuka kila baada ya muda kukaza kamba ambazo hazikuwa zimelegea.

Dada alikuwa amemtoa baba nje kwenye kiti cha plastiki chenye mito miwili. Upande wake wote wa kulia umekufa. Mkono umekaa mapajani kama kitu alichoombwa kukishika kwa muda. Nilisukuma baisikeli hadi mbele yake nikapiga kengele, kengele mpya, nilishindwa kujizuia. Uso wake ukafunguka. Sijui nikuelezeje. Nusu yake inayofanya kazi iliamka, na kwa mara ya kwanza tangu kiharusi nikaona yule mtu aliyekuwa akitoka alfajiri na Biblia kwenye kerieri.

"Nau," nikamwambia, nikitumia neno la utotoni la kumwita baba, "nimeirudisha."

Akanyoosha mkono wa kushoto. Nikaisogeza. Alishika mpini, akaubana. Akapapasa fremu taratibu hadi nyuma, chini ya kiti, na kidole chake kikaipata alama. Akaitika kwa kichwa. Nikamtazama dada; dada alikuwa ameshika mdomo.

Kisha mkono ukarudi mbele. Ukashuka kwenye uma, upande wa kushoto. Kidole gumba kikashuka polepole, kikafika chini kabisa, kikapanda tena. Kikashuka mara ya pili. Nilijua kinachotafutwa. Ningeweza kukimbia pale, nikamwachia dada kila kitu, na bado naona lingekuwa jambo la heshima zaidi.

Akauondoa mkono. Akaufuta kwenye shati.

"Aiee," akasema. "Si yangu." Na uso ule uliofunguka ukawa na kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa baba: hofu. "Mwenyewe anaitafuta. Mrudishie."

Dada aliisogelea baisikeli, akainama, akaitazama alama nilipomwonyesha.

"Kwa hii ndiyo ukajua ni yake?"

"Ni alama ya baba."

"Ya baba?" Alinitazama kama anavyowatazama watoto wa jirani wakivunja kitu. "Ndugu yangu, hii ni ya ukoo. Mizinga yote ya baba mdogo ina hii. Ng'ombe wa kwetu walichomwa hii pajani. Kila mwanamume wa ukoo wetu huchora hii kwenye kitu chake ili mwizi akikamatwa nacho ijulikane ni cha watu gani. Wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa shule ya bweni. Kisha nilikuwa chuo kikuu. Kisha nilikuwa ukumbini nikisoma insha juu ya saini ya baba. Nilipokuwa nyumbani nilikuwa na vitu vya mtu mmoja tu vya kutazama, na mtoto mwenye kitabu kimoja hudhani kimeandikwa na aliyemnunulia. Ukoo wetu una watu tele kutoka Mwingi hadi ng'ambo ya mto. Nilichokuwa nimekipata Kwa Vonza ni baisikeli ya mmoja wao, mtu aliyenunua yake miaka sita au zaidi baada ya baba, ambaye hakuwahi kuanguka mtoni.

Asubuhi iliyofuata baba hakuuliza baisikeli yake iko wapi. Aliuliza, "Umemrudishia?"

Na iliyofuata. Na iliyofuata hiyo. Swali la zamani lilikuwa limekufa, nami ndiye niliyezaa hili jipya. Mtu ambaye maisha yake yote hakuokota hata muhindi ulioanguka kwenye shamba la jirani, sasa alilala na kuamka akiwa na kitu cha mwana wa ukoo wake ndani ya boma. Aligoma kukaa nje maadamu baisikeli ipo. Nikaihamishia stoo. Alijua ipo stoo.

"Heri lile la kwanza," dada akaniambia jikoni, akichambua mboga bila kuzitazama. "La kwanza alikuwa anauliza kama mtu anayengoja. Hili anauliza kama mtu aliyeiba."

Nilijaribu kumtafuta mwenye baisikeli. Naapa nilijaribu, kwa bidii ya mtu anayejua hatapata. Nilirudi kwa fundi, akanionea huruma kiasi cha kutofanya mzaha. Akasema fremu zile zililetwa kwa marundo, hakuna aliyeuliza majina. Nilienda kwa baba mdogo, aliyebaki peke yake kati ya ndugu zake, nikamsomea namba ya fremu kama anayesoma hati ya mahakama. Alicheka hadi akakohoa.

"Wakati ule sote tulipeleka baisikeli kwa mhunzi mmoja," akasema. "Alichora asubuhi nzima. Wale wote wamelala sasa. Unataka uende makaburini uulize nani amepoteza baisikeli?"

Namba ya fremu, kitovu, matundu ya beji. Nilikuwa na uwezo wa kukwambia baisikeli ile ilizaliwa karibu mwaka gani na ni sehemu zipi ilizozaliwa nazo. Sikuwa na uwezo wa kukwambia ni ya nani.

Kwa hiyo nikafanya kile ambacho pengine ningefanya tangu siku ya kwanza. Niliipakia baisikeli, nikaipeleka nyumbani kwangu, nikaiegemeza ukutani na kuifunika gunia. Sikuona hilo la gunia mpaka nilipokuwa nimemaliza. Kisha nikarudi Wote, nikavuta kigoda karibu na kiti cha baba.

"Nau, nimemrudishia."

Alinitazama. Macho yake yote mawili bado yanafanya kazi. Kiharusi hakikuwa na huruma kiasi hicho.

"Alisemaje?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali la pili. Majuma yote yale hakuwa na swali la pili.

"Alishukuru," nikasema. "Alishukuru sana. Alisema alikuwa ameshakata tamaa."

Baba akafumba macho. Nilidhani amelala. Kifua kilishuka, bega la kushoto likalegea, na nikaanza kujisamehe, ninavyojua kujisamehe haraka. Dada alikuwa amesimama mlangoni na beseni la kumwosha.

"Kumbe zilizopotea hurudi," baba akasema, macho bado yamefumbwa. Ilikuwa sentensi mpya kabisa. Daktari wake angefurahi. "Basi na yangu inaletwa."

Tangu siku hiyo hajauliza tena swali lolote. Hana haja. Kila asubuhi, baada ya chai, hudai avalishwe viatu. Dada humvalisha, humfunga kamba za viatu, humtoa nje mahali pa kuonea barabara. Kisha baba hunyoosha mkono wa kushoto na kugusagusa goti la kulia, lile lisilosikia kitu, hadi mmoja wetu apige magoti, akunje mguu ule wa suruali vizuri, na kuuchomeka ndani ya soksi.